Mikono ya Mshona Tanga

Mshona tanga wa mwalo wa wavuvi wa Kamanga hasemi anaposhona. Uzi huupitisha kwenye nta mara mbili, na kila tanga jipya hulifikicha kwa mchanga mbichi mpaka lilainike, kwani tanga gumu, husema, halisikii upepo. Ndivyo alivyoufanyia hata utando mwembamba, unaong'aa kama kioo, aliouleta Evelina, mwanachuo wa Butimba, ili ashonewe mfano wa tanga la chombo cha angani wa kuwaonyesha wageni kesho yake. Fundi alimkabidhi tanga hilo kwa fahari. Evelina alilikunjua, akaganda.

“Babu, mng'ao umekwenda wapi?”

“Nimekulainishia, mjukuu wangu. Sasa litashika upepo.”

“Huko juu hakuna upepo, babu. Mwanga wa jua ndio unaolisukuma, ukigonga mng'ao na kurudi.”

Wavuvi waliangua kicheko. “Fundi kalisugua jua!”

Mzee aliinama, akaificha mikono chini ya mapaja kama mtoto aliyekatazwa kudokoa mboga. Evelina alipotoa kipande cha akiba cha utando ule na kumnyooshea, hakukipokea. Alimwonyesha sindano kwa kidevu.

“Shona wewe, mama. Mimi nitakuelekeza kwa mdomo.”