Vitamini za Wazee

Shuleni walimwita Mama Kamusi, na jina hilo halikumkera. Alikuwa mwalimu wa lugha kwa miaka ishirini na sita, mjane anayepiga pasi hata vitambaa vya kufutia ubao. Akipita, watoro wenyewe huchomekea mashati. Ukisema "masaa" mbele yake, utaondoka umejifunza kusema "saa".

Mumewe, mkaguzi wa barabara, alipofariki, yeye ndiye aliyeandika tangazo la msiba: "Alisumbuliwa na mapafu." Ndugu wakalipokea. Haukuwa uongo, mapafu ndiyo yaliyommaliza. Kilichoyaachia mlango wazi hakikuandikwa. Mwezi uleule mjane alipanda mabasi mawili hadi kituo cha afya asikojulikana, akapimwa, akakutwa na virusi vya ukimwi. Miaka tisa sasa amekuwa akirudi huko kuchukua dawa, na akifika nyumbani huzihamishia kwenye kichupa cha vitamini, juu ya kabati la vyombo. Alinawiri. Watu wakasema ujane umemkubali.

"Na mtoto apimwe," muuguzi wa kule alimwambia siku ya kwanza, na kila aliporudi.

"Nitamleta."

Mtoto ni Kitinda, wa mwisho, aliyekuwa na miaka sita baba yake alipozikwa. Likizo hii ikapita, na ile ikapita. Mtoto alikuwa akiruka kamba na kuwashinda wenzake hesabu. Angempeleka amwambie nini? Mtoto huuliza. Naye akishajua, ana rafiki, na rafiki ana mama.

Kitinda alipotimiza miaka kumi na mitano kikaja kikohozi, kikaisha, kikarudi. Sketi ya shule ikaanza kushikizwa kwa pini.

"Unarefuka tu," mama alisema.

"Basi nitatoboa dari, Mama." Siku hiyohiyo akanyoosha mkono juu ya kabati. "Nigawie vitamini zako. Wewe unanenepa, mimi nakonda. Kichupa hiki kina upendeleo."

Mama akamnyang'anya. "Acha. Hizi ni za wazee."

Wiki tatu baadaye vipele vilimzunguka Kitinda ubavuni kama mshipi. Mama Kamusi aliinua blauzi, akaishusha. Jina la ugonjwa huo alilijua, mkanda wa jeshi, na alijua ni mwili wa namna gani unaoshindwa kuuzuia. Hakukuwa na mabasi mawili tena; mtoto asingeyaweza. Wakaenda hospitali ya jirani, ambako muuguzi alikuwa mwanafunzi wake wa zamani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Damu ikachukuliwa. Majibu yalipotoka, muuguzi alimwita mama peke yake, akafunga mlango.

"Ana virusi, Mwalimu, na askari wa mwili wake wamebaki wachache sana. Tumechelewa, ila hatujakosa. Amewahi kupimwa kabla?"

Kalamu ilikuwa tayari juu ya faili. Neno moja lingetosha, na jina la nyumba lingebaki safi kama tangazo la msiba.

"Hatuku..." alianza. Maisha yake yote alikuwa amesahihisha viambishi vya watoto wa watu. "Sikumleta," akasema. "Mimi nilijua. Natumia dawa mwaka wa tisa."

Muuguzi aliandika. Hakuinua macho, na hiyo ilikuwa heshima iliyomuuma kuliko tusi.

Kitinda aliambiwa kesho yake, wodini. Alisikiliza hadi mwisho.

"Siku ile ya kichupa, ulikuwa unajua?"

"Nilijua hujapimwa."

"Hata kunipeleka kupimwa tu, Mama?"

Kitinda akageukia ukutani, na kwa siku mbili aliongea na wauguzi tu.

Walimtibu kifua kwanza, kisha wakamwanzishia dawa. Siku waliyorudi nyumbani, Mama Kamusi alikitupa kichupa cha vitamini, akaweka makopo mawili ya dawa mezani, karibu na chumvi, anakoweza kuyaona mgeni yeyote. Wakaketi wakitazama saa ya ukutani. Ilipogonga saa tatu usiku, Kitinda akachukua kidonge chake, akakipima kiganjani.

"Haya, mzee mwenzangu," akasema, bila kutabasamu.

Akameza. Mama yake alikunywa maji mara tatu kabla chake hakijateremka.