Mijusi wa maji ndani ya mtungi wa mama, landhi ya Voi

Wakuu, naomba kiti humu ndani. Nawaita wakuu ingawa wengi wenu ni umri wa wajukuu wangu, kwa sababu ninyi mlitangulia na mimi nimefunguliwa akaunti juzi tu.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, Voi, miaka ya hamsini, nikiwa msichana. Chumvi sitaongeza. Nilipopasahau nitasema nimesahau.

Baba alifanya kazi ya reli. Tulikaa landhi, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja, mabati juu, joto chini. Mama alizaliwa huko juu milimani ambako ukungu huingia mpaka jikoni bila hodi. Kitu kimoja tu alichoshuka nacho ni mtungi wake wa udongo. Voi yote ikiungua, maji ya mtungi ule yalikuwa baridi kama asubuhi ya kwao.

Mimi nilikuwa nafua nguo kwa memsabu mmoja, mke wa injinia. Alifuga mijusi wa maji wawili kwenye sanduku la kioo, waliotoka kwao Ulaya.

Kwa ambaye hajawaona: umbo ni la mjusi, ngozi ni laini kama ya chura, mkia bapa. Dume ana kilemba mgongoni kama jogoo aliyelowa mvua. Jike hana makuu.

Injinia akahamishwa. Memsabu akanipa sanduku na mijusi wake.

"Wachukue, Mghoi. Lakini hawatazaa hapa. Joto limewazidi."

Wakuu, maneno yale yalinikaa rohoni. Hawatazaa hapa! Kama kwamba hapa petu hapawezi kuzaa kitu. Nikataka wazae, basi.

Nilipofika nyumbani mama alishika kiuno. "Wenzako wanawaletea mama zao sukari na biskuti. Wewe umeniletea mijusi."

Jirani yetu Mama Atieno, aliyetoka Nyanza na mume wake wa reli, alichungulia kioo. "Mghoi, wakinona usinisahau. Hata mkia tu."

Nikawawekea majani ya majini kutoka mtoni. Baada ya muda nikaona jike anashika jani moja moja kwa miguu ya nyuma, analikunja, anaondoka. Nikadhani anacheza.

Sasa sikieni. Mama alikuwa mkulima wa maharagwe. Kwa mkulima, jani lililojikunja lina mdudu ndani, na dawa yake ni kulichuma. Siku moja nimeenda kuteka maji, mama kwa huruma yake akasafisha lile "shamba" langu. Kila jani lililokunjwa alilichuma, akalitupa kwenye ndoo ya maji machafu.

Niliporudi ananiambia kwa furaha, "Nimekutolea wadudu."

Nikachukua jani moja nikalifungua. Ndani kuna tone linalong'aa, na katikati yake nukta nyeusi. Nukta ikajipinda.

"Mama, ni mayai."

Mama akapiga magoti kwenye ile ndoo, mikono mpaka viwiko, akatafuta majani pamoja nami mpaka mgongo ukamuuma. Tuliyaokoa mengi. Tulirudisha moja kwa wazazi wao, dume akala yai lake hapo hapo; mengine hatukuthubutu. Na maji mengine yote pale nyumbani yalikuwa ya moto.

Mama akamimina maji yake ya kunywa, akausogeza mtungi. "Weka humu. Kwa muda tu."

Walianguliwa wakiwa wembamba kama uzi, wenye manyoya madogo shingoni ya kupumulia. Walikataa unga, walikataa nyama. Walitaka kitu kinachocheza. Na kitu kinachocheza Voi ni viluwiluwi vya mbu.

Kwa hiyo, wakuu, nikaanza kufuga mbu. Sufuria kuukuu nyuma ya nyumba, maji na majani makavu. Wale watoto walikula, wakaota miguu ya mbele, kisha ya nyuma.

Mnakumbuka Bwana Afya? Wachanga hamumjui. Alipita landhi na kopo la mafuta, akikuta maji yamelala anayamwagia, viluwiluwi vinakufa, na mwenye nyumba anapelekwa kwa mkubwa. Mafuta yale yangeua wangu wote.

Alikuja asubuhi. Akaiona sufuria.

"Ya nani hii?"

"Yangu, Bwana Afya."

"Unafuga mbu?"

"Nafuga chakula."

"Chakula cha nani?"

Mama Atieno alidakia kutoka mlangoni kwake, "Usiniangalie mimi! Mimi nala samaki!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alichungulia mtungi, akaona vitu vinatembea, akafungua kopo. Mama akaufunika mdomo wa mtungi kwa viganja vyote viwili.

"Mwagia nyumba nzima ukitaka," alisema. "Humu utatazama kwanza."

Nikachota viluwiluwi kwa kikombe, nikavimimina mtungini. Bwana Afya akainama. Mmoja akaruka, hap! Mwingine, hap! Baada ya muda maji yalikuwa safi.

Yule bwana alikaa chini na kaptura yake iliyopigwa pasi, mavumbini. "Lete vingine," akasema.

Tangu hapo, alipopita nyumba nyingine, viluwiluwi vya kwanza alituletea sisi kwa kopo la maziwa. Vilivyobaki ndivyo vilivyopata mafuta.

Sisi tulikuwa tukinywa maji ya debe, vuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Mama alilalamika kila siku. Ndipo jioni moja mtoto wa kwanza, manyoya ya shingo yameisha, akapanda juu ya jiwe nililoliweka mtungini na kutoa kichwa nje. Akavuta hewa ya Voi.

Mama alikuwa amesimama na kikombe chake kitupu. "Sasa mtungi wangu?"

"Wengine bado, mama."

Akamtazama yule mdogo kwa muda mrefu. Kisha akaenda, akachota maji ya debe, akanywa, akakunja uso.

"Basi asiwaharakishe mtu," akasema.

Nilichojifunza: kabla ya kung'oa, kabla ya kumwaga, inama kwanza utazame.

Nanyi semeni. Nani humu amewahi kulea kiumbe ambaye nyumba nzima ilimcheka, na nani alikuachia mtungi wake?