Maziwa Aliyoyakosa Mtoto wa Dada Yangu

Mwanangu, iko siku moja ya zama za Wadachi ambayo sijaisahau, nami sitaki uisikie kwa mtu mwingine.

Dada yangu Zena alijifungua binti hapa Rumonge, ufuoni mwa Ziwa Tanganyika, kesho yake akafariki. Mumewe alikuwa amechukuliwa na askari kubeba mizigo hadi Usumbura. Kichanga kikabaki mikononi mwangu, nami nilikuwa bado sijazaa.

Mama Maryamu, mke wa mfanyabiashara aliyetoka Barawa, pwani ya Wasomali, alikuja kutupa pole. Akasema, "Kwetu mtoto akikosa ziwa hupewa maziwa ya ngamia. Mimi mwenyewe nimekuzwa nayo."

Wanawake wakacheka, maana hakuna aliyewahi kumwona ngamia. Bi Nyota, jirani yetu aliyekuwa ananyonyesha, hakucheka.

"Maziwa ya munyama ni ya mutoto wa munyama," alisema. "Huyu iko mutu."

Nikamjibu vibaya mbele ya watu: "Wewe umewahi kutoka hapa ufuoni? Unajua nini?"

Ngamia sikuwa naye, nikakamua mbuzi. Sikuchemsha, sikuuliza. Siku ya tatu mtoto anaharisha, macho yamezama, analia bila sauti. Nikamkimbilia Mama Maryamu.

"Nilisema ngamia, sikusema mbuzi!" alinikaripia. "Na kwetu wapo wazee wanaojua kuyatumia. Jirani yako ana maziwa kifuani, wewe unatafuta nini zizini?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Nyota, nikamkuta anakamua mawese.

"Nilikutukana," nikamwambia. "Nitukane na wewe, lakini mnyonyeshe huyu kwanza. Sitoki hapa."

Alinawa mikono, akampokea. Mtoto hakuwa na nguvu ya kunyonya, Bi Nyota akawa anamkamulia tone kwa tone mdomoni. Nilikaa mlangoni pale siku mbili. Siku ya pili mtoto akanyonya mpaka akapata kwikwi, nami nikalia.

"Sasa huyu na wangu ni ndugu wa kunyonya," alisema Bi Nyota. "Na wewe utanitwangia mihogo."

Nilitwanga miaka miwili, bila kunung'unika. Yule binti leo ana wajukuu.

Maziwa ya ngamia siyatukani, mwanangu. Waliokuzwa nayo wapo. Ila usimtie mtoto mchanga kitu kinywani kabla hujauliza anayejua. Na kama anayejua ndiye uliyemtukana, nenda hivyo hivyo, tena upesi.

Mungu akupe uzao wenye afya, na akulainishie ulimi wa kuomba radhi. Amina.