Alisema ‘dereva ni mimi’, bima ikamgeuka

Jua halijawa kali, na Mwalimu Breki ameshaketi kwenye kiti cha abiria cha gari lake, anakanyaga breki. Gari haliendi popote. Limekalia matofali uani kwake, magurudumu ya nyuma yametolewa, na buti limebonyea hadi kugusa kiti cha nyuma.

“Bado inashika,” anasema, anakanyaga tena. “Lori lilishindwa kuing’oa hii. Wanaotaka kuing’oa ni wale wanaokaa kwenye viyoyozi.”

Wale wa kwenye viyoyozi ni kampuni yake ya bima, na ukitaka kumharibia mama huyu siku, itaje.

Anafundisha udereva mwaka wa kumi na saba sasa. Jina alipewa na wanafunzi, kwa sababu ya pedali ya pili ya breki iliyo miguuni pake. Aliyeichomelea ni marehemu mumewe, fundi magari, ambaye hakuacha nyumba wala kiwanja. Aliacha gari hili kuukuu, ambalo wanafunzi wameliita Shangazi: likipanda mlima linalalamika mtaa mzima usikie, lakini halijawahi kumtupa mtu njiani.

Miezi mitano iliyopita, mchana kweupe, usukani ulikuwa mikononi mwa mwanafunzi wake, mama muuza vitambaa sokoni. Taa ikawaka nyekundu. Muuza vitambaa akasimama vizuri kabisa. Lori lililokuwa nyuma halikusimama. Lilimponda Shangazi kisogoni, likarudi nyuma kidogo, likakata kona na kutokomea.

Trafiki alipofika aliuliza nani dereva. Muuza vitambaa alikuwa na kiatu kimoja mguuni, cha pili hakijulikani kilipo. Mwalimu akajibu, “Mimi.”

Kwa walimu wa udereva hilo si jambo la kufikiria mara mbili. Gari la mafunzo likizima katikati ya barabara na watu wakapiga honi na kutukana, anayetoa mkono dirishani kuomba radhi ni mwalimu.

“Mwanafunzi ukimtwisha lawama, hashiki usukani tena maisha yake,” anasema. “Mimi nilifundishwa hivyo, na ndivyo ninavyofundisha.”

Lakini muuza magazeti wa pale kwenye taa alimweleza trafiki alichokiona: aliyeshika usukani ni yule mama mwingine. Yote mawili yakaandikwa, na bima wakang’ang’ania hapo kama kupe.

“Mama, ulitoa taarifa ya uongo,” ofisa wa madai alimwambia.

“Uongo upi, mwanangu? Nimegongwa nimesimama.”

“Ulisema wewe ndiye dereva.”

“Gari la mafunzo, dereva ni mwalimu.”

“Kwetu sisi, dereva ni aliyeshika usukani.”

Akikumbuka hapo Mwalimu Breki anapiga dashibodi kwa kiganja. Ana haki ya kupiga. Miaka yote hiyo amekata bima kubwa, ile inayolipa na gari la mwenye bima, hata mwaka ule aliouza jokofu ili asichelewe. Ada wameipokea kwa tabasamu, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwenye gari lake dereva ni nani. Shukrani ya punda ni mateke. Lori lililokimbia hakuna aliyehangaika kulitafuta. Aliyebaki barabarani akamsubiri trafiki ndiye ameitwa mwongo.

Wakampiga danadana. Leo bosi yuko kikaoni, kesho mtandao uko chini, keshokutwa njoo na picha nyingine. Mwishowe ofisa yule akamwita, akafunga mlango, na kumletea sauti ya upole. Abadilishe maelezo. Aseme mwanafunzi alifunga breki ghafla kwa uzembe wake. Kampuni itamlipa kiasi, itamchukua Shangazi kama chuma chakavu, kisha itamgeukia muuza vitambaa na kumdai yeye.

“Nilisimama,” anasema. “Nikamwambia, mwanangu, umenivunjia heshima. Gari langu mnalitaka, na binadamu mnamtaka pia?”

Habari zilimfikia muuza vitambaa. Jioni hiyo hiyo alikuja uani, hakukaa hata kwenye kiti.

“Dada, andika tu kwamba ni mimi. Hili gari ndio mkono wako wa kulia.”

Mwalimu alimfokea hadi majirani wakachungulia. “Taa nyekundu ulisimama, hukusimama?”

“Nilisimama.”

“Basi ulifanya nilichokufundisha. Nikuuze kwa hilo?”

Tangu hapo anafundishia magari ya kukodi, na nusu ya anachopata inaishia kwa wenye magari. Kijana aliyejifunza ufundi kwa marehemu anakuja siku za mapumziko kunyoosha bati la Shangazi, kipande kwa kipande, kwa malipo ya chai na maneno matamu. Malalamiko yake yamefika kwenye mamlaka inayosimamia bima, na kampuni imeitwa kujieleza mwezi ujao.

“Ofisi yao ya kwenye viyoyozi nitaikanyaga tena,” anaapa. “Sitakwenda kwa miguu. Shangazi atakwenda mwenyewe, akiwa anapiga kelele zake zote, niwaegeshee mlangoni.”

Leo muuza vitambaa amekuja tena, na kwa mara ya kwanza tangu ajali anakubali kuketi nyuma ya usukani.

“Vioo,” anaamuru Mwalimu.

“Dada, cha kati hakionyeshi kitu. Buti limeziba.”

“Angalia hivyo hivyo. Siku tukifika kwao hutaniambia buti limeziba.”

Muuza vitambaa anacheka, kisha anaacha. “Kwa hiyo siku hiyo utaendesha wewe?”

“Mimi niendeshe wewe ukiwa wapi? Kanyaga klachi. Na mlinzi wa getini akituuliza nani dereva?”

Muuza vitambaa anakanyaga klachi, anaingiza gia ya kwanza. Inaingia bila kukwaruza.

“Mimi,” anasema.

Mwalimu Breki anauondoa mguu wake kwenye breki.