Bibi Aliyemchana Sungura Wetu

Kama wewe ni mtu wa kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikianza sitaki kukatizwa. Hili halikumpata binamu wa jirani wala shoga wa shoga yangu. Lilinipata mimi, barazani kwangu, hapa Masama, mchana wa Mungu, macho makavu na sijaonja hata tone la pombe ya mbege.

Mume wangu, Baba Aika, ni mpagazi. Anabeba mizigo ya watalii kupanda mlima. Kazi hiyo ndiyo inayomsomesha binti yetu Aika, na ndiyo inayoninyima usingizi, kwa sababu akishapita msitu simu yake haipatikani, na baridi ya mwezi wa saba kule juu haina mchezo. Safari ninayokusimulia nilimfungashia sweta ya kijani kwa mikono yangu mwenyewe. Uikumbuke hiyo sweta.

Sasa, Aika alikuwa na sungura. Mweupe, manyoya marefu mpaka macho huyaoni, jina lake Pamba. Baba yake alimletea kutoka sokoni Kiboriloni. Mama mkwe alipomwona tu akauliza, "Huyu tunamchinja lini?" Mtoto alilia mpaka akapaliwa, na tangu hapo Pamba akawa mtu wa nyumbani.

Tatizo ni msimu wa kunyonyoka. Bwana mifugo alituonya kabisa: sungura anajilamba siku nzima, na manyoya akishayameza hawezi kuyatapika. Tumbo linaziba, anakufa. Kwa hiyo kila jioni nilikaa kwenye kigoda, nikamlaza mapajani juu ya taulo, nikalowesha viganja kidogo ili yaliyolegea yashike, nikapuliza yagawanyike, ndipo nikapitisha chanuo. Taratibu, maana ngozi ya sungura ni nyepesi, ukivuta kwa pupa inachanika. Majirani walinicheka! "Mama Aika, leo umeisuka mboga yako mtindo gani?" Nami nawajibu kwa jina la msuko, "Twende kilioni."

Laiti ningejua, ningefunga mdomo.

Siku hiyo Baba Aika yuko mlimani, Aika alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, na mama mkwe ameenda kumwona mgonjwa, nami nikaanza mapema kumchana Pamba. Ukungu ukashuka mapema, mzito, hata banda la ng'ombe silioni. Nikasikia migomba inasukumwa. Akatokea bibi mmoja, hakupitia getini. Alikuwa peku, na pamoja na tope lote la manyunyu ya siku ile, nyayo zake zilikuwa kavu. Niamini, hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiona.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, Mama Aika."

Mimi simjui, yeye ananijua. Mkononi ameshika jani la isale. Kama wewe si wa huku, nikueleze: kwetu mtu akikujia na isale anaomba msamaha, na isale haikataliwi. Watu wamemwagiana damu, isale ikaja, wakakaa chini wakala pamoja. Nimelelewa hivyo, sikuwahi kuwaza kwamba kuna siku ya kuuliza maswali.

Akaninyooshea lile jani. "Nisamehe, mwanangu."

"Bibi, umenikosea nini?"

"Bado. Nisamehe kwanza."

Wewe ungefanyaje? Nikadhani ni uzee. Nikalipokea. Nikasema, "Nimekusamehe, bibi," kwa sauti, kama tulivyofundishwa.

Basi akavuta kigoda cha pili, akamchukua Pamba mapajani kwangu. Pamba huyu huyu anayemng'ata hata mama mkwe! Akatulia tuli. Bibi hakutaka chanuo langu, alichana kwa vidole. Manyoya yakaja. Yakajaa mapajani kwake, yakamwagika miguuni, yakafika magotini. Yesu wangu! Sungura mmoja, kilo ngapi yule, anatoa wapi manyoya ya kujaza godoro?

"Bibi, inatosha, utamuumiza!"

Wala hakuniangalia. "Bado anatetemeka," akasema.

"Nani?"

"Yule uliyemfungashia sweta ya kijani."

Yeye akakusanya yale manyoya yote kwenye kanga yake, akafunga fundo, akanirudishia Pamba mapajani, akaelekea upande wa juu wa shamba, kwenye mlima. Ukungu ukamfunika.

Nikaangalia chini. Pamba hakuwa na unyoya hata mmoja. Uchi kama kichanga, hana jeraha, hana damu, na wa baridi kama amelala ndani ya friji. Amekufa. Na ndipo Aika akaingia getini akiimba, akanikuta nimeshika chanuo mkono mmoja na sungura wake mkono mwingine.

"Mama! Umemuua!"

Nilijieleza mpaka nikachoka. Nani angeniamini? Hata bibi mwenyewe sikuweza kumwonyesha, na tope halikuwa na alama ya mguu. Mtoto wangu akaacha kula chakula changu, akawa anakula kwa mama mkwe.

Baba Aika akarudi siku chache baadaye. Alikuwa amekonda. Akatuambia, wakati wa kushuka alibaki nyuma na mzigo, theluji ikamzidi, akaanguka. Alitetemeka mpaka mwili ukaacha kutetemeka, na wapagazi wanajua maana yake ni kifo. Halafu akahisi mtu anamfunika kitu chepesi, cha moto. Wenzake walimkuta amelala kwenye theluji anatoka jasho.

Akavua ile sweta ya kijani. Kati ya sweta na kifua, manyoya meupe yalikuwa yamemganda kila mahali. Aika akachukua kidogo, akanusa.

"Ni Pamba," akasema. Akaja kunikumbatia, tukalia wote wawili.

Ningependa kuishia hapo. Lakini mwaka uliofuata, mwezi wa saba, nywele za mume wangu zilianza kunyonyoka. Za kichwani, za kifuani, nyusi. Zinatoka vishungi vishungi, nyeupe, laini, halafu zinaota upya. Kila mwaka sasa. Na Jumapili moja baada ya ibada nilimkuta amejilaza kwenye kochi, amefumba macho, analamba mgongo wa mkono wake.

Nilisimama mlangoni nimeshika sahani. Maneno ya bwana mifugo yalinijia yote.

Kwa hiyo kila jioni ya msimu huo Baba Aika anakaa kwenye kigoda, mimi nalowesha viganja, Aika anashika chanuo. Taratibu. Hatuachi hata siku moja. Majirani hawacheki tena.

Lile jani liko kwenye kopo dirishani. Halijanyauka mpaka leo. Nalitazama nikikumbuka yule bibi alivyosema "bado", na sijui kama nilimsamehe kwa sungura tu, au na kwa mume wangu.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, akija mtu na isale, mkaribishe, mpe kigoda, mpe maji. Lakini asipotaja kosa lake, usinyooshe mkono.