Kitengela, Kwenye Bwawa Lisilozamisha Mtu

Mume wangu, Baba Njeri, aliokoka zamani sana, lakini kubatizwa alikataa. Kanisa letu hapa Ngong hubatiza kwa kuzamisha mwili wote majini, na yeye anaogopa maji. Akiwa darasa la nne aliteleza akaingia kwenye shimo la machimbo ya mawe lililokuwa limejaa maji ya mvua, akatolewa akiwa hajijui. Tangu hapo, maji yakipita magoti hataki hata kuyaona. Miaka thelathini nimeomba, nimefunga, nimenuna, nimepika chapati za kumbembeleza. Wapi! Siku ya ubatizo ikikaribia ananiambia, "Mama Njeri, mwaka huu kifua kinanisumbua."

Mwezi jana binti yetu Njeri alituonyesha kwenye simu bustani moja ya michezo ya maji karibu na Kitengela. Walikuwa na bwawa la chumvi ambalo mtu akilala juu yake hazami hata akitaka, na tangazo lilisema linafungwa Jumapili ya wiki hiyo, na slaidi mpya za kuteleza majini zinafunguliwa. Baba Njeri aliichukua simu, akaitazama ile video mara tatu.

"Hiyo nitaingia," akasema.

Nilimpigia pasta saa hiyo hiyo, kabla mzee hajabadilisha nia. Pasta naye akafurahi mpaka akaanza kuimba kwenye simu. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria zaidi ya hapo, na nakiri mapema ili mkinicheka, mtucheke sote.

Jumamosi, saa moja asubuhi, tuliondoka Ngong na gari la Pasta Daudi. Tulikuwa watatu, na tulibeba chupa ya chai, taulo nne na joho la pasta. Baba Njeri alikaa mbele, mikono magotini, kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino.

Kona Baridi tulisimama tunywe chai. Jina la pale halidanganyi. Upepo ulinivua kitambaa cha kichwa nikakikimbiza hadi kwenye ua wa watu. Pasta, ambaye huongea kama redio, alituhubiria kuhusu Mto Yordani huku akitafuna andazi.

"Unajisikiaje, mzee?" akamuuliza Baba Njeri mwishowe.

"Najisikia tu."

Kutoka hapo tulishika barabara ya Isinya. Nyasi zilikuwa zimekauka, na punda walikuwa wakipanda kilima wakiwa wamebeba mitungi ya maji, huku mama mmoja akiwafuata na fimbo. Mbele kidogo tulipishana na lori la kuuza maji, halafu lingine. Nilijiuliza ni nani huyo aliyeitazama nchi hii ya Kajiado, mahali maji yanasakwa hivi, akaona pa kuchezea maji. Nilimuuliza pasta, akasema nimuulize mwenyewe nikifika. Kwa hiyo niliweka swali langu.

Saa nne kasoro tulifika. Ukiingia langoni, kitu cha kwanza ni slaidi mpya, njano na buluu, zimejikunja juu kuliko nyumba ya ghorofa. Mafundi walikuwa bado wanakaza vyuma na maji ya kujaribia yalikuwa yakishuka kwa kishindo. Baba Njeri alizipita akitazama viatu vyake.

Bwawa la chumvi lilikuwa nyuma kabisa, kimya, limezungushiwa ukuta mfupi. Mwangalizi wake alikuwa mama wa Kimaasai, mdogo wangu kwa umri, amevaa fulana ya kazi na shanga zake shingoni. Nilimsalimia kwa yale maneno machache ya Kimaa niliyoyapata sokoni.

"Takwenya."

"Iko," akajibu, akacheka. "Mimi ni Nasieku. Karibuni. Nyinyi ndio watu wangu wa mwisho, nafikiri."

Nikatoa swali langu. Nasieku alisema kisima walichochimba kilitoa maji ya chumvi, hata chai haikunyweka. Mwenye mahali, badala ya kulia, akaagiza chumvi zaidi kutoka Magadi, malori kwa malori, mpaka maji yakaanza kubeba watu.

"Sasa mbona anafunga?"

"Chumvi inakula mabomba. Na watoto hawaitaki, inachoma macho. Watoto wanataka kupiga kelele. Hapa walikuwa wanakuja wazee wa kuumwa magoti." Alitazama maji kidogo. "Mimi wamenipeleka kule kwa slaidi, kushika maboya. Lakini hapa nitapakumbuka. Mtu alikuwa anaingia amekunja uso, anatoka amelainika."

Pasta alikuwa ameshavaa joho. Nasieku akashtuka. "Kwani mnataka kufanya nini?"

"Kubatiza."

"Kuzamisha?" Akanyoosha kidole ukutani, palipoandikwa kwa herufi kubwa: USIINGIZE KICHWA MAJINI. "Na hata ukitaka, pasta, hiyo maji haitakubali."

"Ni sekunde moja tu, dada. Atafumba macho."

Maji yalifika kiunoni. Baba Njeri aliingia mwenyewe, polepole, na mimi nikabaki kwenye ukingo na taulo. Pasta akasema maneno yake, akamlaza nyuma. Miguu ya mume wangu ilifyatuka juu, vidole vyote kumi nje, na uso wake ukabaki mkavu. Pasta akamsukuma kifua. Akazama upande mmoja, akaibukia mwingine. Mara ya tatu pasta mwenyewe aliteleza, joho likajaa maji na hewa, akaelea kuelekea kona akiendelea kusema "kwa jina la Baba."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu kicheko kikanikatikia, kwa sababu nilijua kitakachofuata. Mume wangu angesema, "Basi, nimejaribu, mmeona wenyewe," na hakuna mtu duniani angeweza kumlaumu. Angekuwa na sababu ya kumtosha mpaka kaburini. Niliumia kweli.

Lakini hakusema hivyo. Aliomba aachwe kidogo. Alilala juu ya yale maji karibu nusu saa, akitazama mawingu, na mimi sikuwahi kumwona amelegea hivyo mahali penye maji. Kisha akatoka, akajimwagia maji safi kutoa chumvi, akamwendea Nasieku.

"Mama, na ile maji ya kule kwa slaidi, hiyo inazamisha?"

"Inazamisha kabisa, mzee."

"Inafika wapi?"

"Kifuani kwako."

Nilimshika mkono. "Baba Njeri, si lazima. Turudi nyumbani."

"Haya maji hayanipeleki chini," akasema. "Sasa pasta ataniinua kutoka wapi?"

Nasieku alikwenda kuwaomba mafundi wazime pampu. Walizima, wakavua kofia zao, wakasimama. Baba Njeri aliniambia nikae mahali ananiona, nami nikavua viatu nikaingia na nguo zangu, nikamshika mkono wa kushoto. Alinibana hadi pete yangu ikanikata kidole.

"Unaogopa, mzee?" pasta akauliza.

"Sana. Fanya haraka."

Akaenda chini mzima, uso na nywele. Akatoka akikohoa, akanikumbatia mbele ya mafundi, kitu ambacho hakuwahi kufanya hata siku ya arusi.

Saa tisa tulianza kurudi kupitia Isinya. Gari lilinuka chumvi na taulo mbichi. Pasta aliendesha, na Baba Njeri alilala usingizi, akakoroma hadi Kona Baridi.

Mkiniuliza nilijifunza nini huko, jibu ni hili. Miaka yote ile nilimwombea mume wangu aache kuogopa, nikimwona mkaidi kwa sababu haachi. Hajaacha mpaka leo. Aliingia majini akiwa na woga wake wote, na mimi, niliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini, sikujua kwamba ana moyo huo.