Nyusi za Mama Steki

Jina la Mama Steki alipewa na wateja wake, na walimpa kwa kejeli. Katika miaka yote aliyosimama nyuma ya gogo la bucha yake, hakuna mtu aliyewahi kuondoka pale na steki tupu, nyama isiyo na mfupa. Ukiomba kilo moja, atakukatia vizuri, ataiweka kwenye mizani, kisha kabla sindano haijatulia atatupia kipande cha mfupa juu yake, kwa upole wa mtu anayekuongezea zawadi. Ukilalamika, atakueleza bila hasira kwamba ng'ombe hakuumbwa bila mifupa, na kwamba hata yeye anauziwa hivyohivyo.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mpana wa mabega, mwenye mikono iliyoweza kuinua mguu mzima wa nyuma na kuutundika kwenye kulabu bila kuomba msaada. Uso wake hakuwa na ugomvi nao. Aliuosha asubuhi kwa sabuni ileile ya mikono, akaupaka mafuta, akaenda zake kazini. Nyumbani kulikuwa na kioo kimoja tu, cha mumewe cha kunyolea ndevu, nacho kilitundikwa kwa kimo cha mumewe, kwa hiyo Mama Steki alikuwa amezoea kujiona kuanzia kwenye paji la uso kwenda juu.

Mambo yalibadilika pale binti yake wa pekee alipoleta habari za mchumba. Binti huyu alikuwa karani wa benki, msichana nadhifu aliyepiga pasi mpaka vitambaa vya kufutia vyombo. Mchumba naye alifanya kazi kwenye kampuni ya bima. Baba yake alikwisha kufariki. Mama yake alikuwepo, na alikuwa akifanya kazi kwenye lile jengo refu la vioo la katikati ya mji. Binti alilitaja hilo jengo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wa kurithi. Mama huyo angekuja Jumamosi jioni kujuana na familia.

"Mama, sisemi kwamba una kasoro," binti alisema. "Nasema tu kwamba yule mama amezoea watu wa ofisini."

"Na mimi nimezoea ng'ombe."

"Sasa hiyo ndiyo sentensi nisiyotaka isemwe Jumamosi."

Kumbe binti alikuwa amekwisha panga kila kitu. Kwenye duka kubwa la mjini, pale ghorofa ya chini karibu na mlango, kampuni moja ya vipodozi ilikuwa na ofa: ukinunua kitu kimoja, unapambwa uso bure. Binti alikuwa amemwandikishia mama yake nafasi. Mama Steki alijaribu kukataa, lakini alipoona binti anaanza kupepesa macho, akakubali. Jumamosi asubuhi akamwachia wifi yake bucha, akavaa gauni lake la kutokea, akaenda kupambwa kama anayekwenda kung'olewa jino.

Msichana wa kaunta alimkalisha kwenye kiti kirefu ambacho miguu yake haikufika chini. Kila aliyeingia dukani alimtazama kidogo kabla ya kwenda kwenye shughuli zake, na Mama Steki akapata kujua, kwa mara ya kwanza, paja la ng'ombe linajisikiaje likiwa dirishani. Msichana alivaa koti jeupe linalofanana sana na lile la bucha, ila la kwake halikuwa na damu. Nyuma yake lilisimama bango la mwanamke mwenye tabasamu, urefu wa mtu mzima.

Akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku. Akamwambia ana ngozi nzuri sana, ila nyusi zimepotea na macho yamechoka. Lakini asiwe na wasiwasi, leo hawatazidisha. Wanachotafuta ni sura yake ya asili. Mama Steki akashangaa, maana alidhani amekuja nayo.

Kazi ilichukua muda. Alipakwa kitu cha majimaji, juu yake kitu kizito, juu yake poda. Msichana alimweleza kwamba giza kidogo chini ya shavu na mwanga kidogo juu yake hulifanya shavu liinuke. Hapo Mama Steki alielewa mara moja. Yeye mwenyewe alikuwa na taa nyekundu juu ya meza ya nyama, na tangu aiweke hakuna aliyewahi kusema nyama yake ni ya jana. Akamheshimu yule msichana kidogo. Kisha zikaja kope za bandia, zilizobandikwa kwa gundi, na mwisho nyusi, ambazo zilichorwa kwa utulivu mkubwa huku msichana akigeuka mara kwa mara kulitazama bango.

Alipopewa kioo, aliona mwanamke ambaye angeweza kumnyima mkopo. Midomo ya rangi ya zambarau iliyoiva, mashavu yaliyoinuka, na juu ya macho nyusi mbili zilizopinda kwenda juu kama vile mtu amempa habari asiyoitarajia, na habari yenyewe haijaisha. Mama Steki alijaribu kukunja uso. Zile nyusi ziliendelea kushangaa peke yao. Alitaka kucheka, lakini jambo lililomtia aibu ni kwamba yule mwanamke alimpendeza. Akanunua rangi ya mdomo haraka, akaisukumia ndani kabisa ya mkoba.

Hajafika hata kituo cha basi, wifi yake akapiga simu. Gari la nyama limefika, na dereva amekataa kushusha mzigo mpaka mwenye bucha awepo. Basi ikabidi apitie kazini na sura yake mpya.

Wifi yake alimtazama akivuka barabara, akamtazama akiingia, akamtazama akichukua aproni ukutani.

"Tumeuza bucha?" akauliza.

Dereva wa gari la nyama alikuwa mtu wa kutupa mzigo mlangoni na kuondoka akipiga honi. Siku hiyo aliubeba mwenyewe hadi ndani, akafuta viatu kwanza, akauliza uwekwe wapi. Mama Steki akamwonyesha kwa kidole, kwa sababu alihofia akiongea sana midomo itapasuka.

Halafu akaja yule mzee mstaafu. Mzee huyu alikuwa amefanya kazi mahakamani maisha yake yote, na baada ya kustaafu akahamishia kesi zote kwenye bucha. Hakuna Jumamosi aliyopita bila kubishana juu ya mifupa. Aliwahi kuutoa mfupa kwenye mizani kwa mkono wake. Aliwahi kuleta mizani yake kutoka nyumbani. Mama Steki alimkatia kama kawaida, akatupia mfupa kama kawaida, akamtazama akisubiri kesi ianze. Mzee alitazama mfupa, akatazama zile nyusi, akashusha macho.

"Weka tu, mama," akasema. "Mfupa ndio unaoleta mchuzi."

Akalipa, akashukuru, akaenda zake. Wifi mtu akabaki ameshika kisu hewani.

Mama Steki aliingia kwenye chumba cha baridi, akafunga mlango, akasimama katikati ya nyama zilizoning'inia. Angepaswa kufurahi. Badala yake alikasirika hasa. Miaka yote hiyo alikuwa akimweleza yule mzee kwa maneno mazuri, kwa mifano, hata mara moja kwa kumchorea ng'ombe kwenye karatasi ya kufungia nyama, na mzee hakuwahi kukubali neno. Leo hakusema chochote, na kesi imekwisha. Akajitazama kwenye mlango wa bati uliong'aa kwa ukungu, na yule mwanamke wa mlangoni akamtazama pia, akiwa bado ameshangaa. Mama Steki akaona afadhali atoke kabla gundi ya kope haijaganda.

Jioni binti alifurahi hadi machozi yakamlengalenga. Alimkumbatia mama yake kwa mbali, mikono tu, ili asimharibu. Sebule ilikuwa imefagiliwa, vikombe vya wageni vimetolewa kabatini, biskuti zimepangwa kwa duara. Baba, aliyekuwa fundi saa, alikuwa bado kibandani kwake akimalizia saa ya mteja.

Mlango ukagongwa. Mama Steki akapiga moyo konde, akanyoosha gauni, akafungua.

Mbele yake alisimama mwanamke wa rika lake, na nyuma yake kijana akiwa na kiboksi cha keki. Mwanamke alikuwa na midomo ya zambarau iliyoiva. Mashavu yake yalikuwa yameinuka. Nyusi zake zilipinda juu kwa mshangao uleule, kwa kipimo kilekile, na kope zake zilikuwa ndefu kama ufagio. Mama Steki kwa sekunde alidhani binti yake amenunua kioo.

Walikaribishana, wakashikana mikono, wakaketi kila mmoja kwenye ncha ya kochi lake. Vijana wawili walitazama uso huu, wakatazama ule, kisha wakaanza kuongea kwa pamoja. Binti alieleza kwamba mama yake yuko kwenye biashara ya chakula, akaishia hapo. Kijana akaeleza kwamba mama yake anasimamia usalama kwenye lile jengo la vioo, naye akaishia hapo. Mama Steki akawaza mkurugenzi, akavuta tumbo ndani. Mgeni naye akawaza, kama alivyokuja kusema baadaye, mahoteli.

Chai ilimiminwa vikombeni, na haikunywewa, kwa sababu wote wawili walihofia midomo. Biskuti hazikuguswa. Wakaongea juu ya joto, na kila mmoja akasema ni kweli kabisa. Wakaongea juu ya bei ya vitu, na kila mmoja akasema ni kweli kabisa. Chochote kilichosemwa, hata kile cha kawaida sana, kilipokelewa na nyuso mbili zilizopigwa na butwaa.

Ndipo baba mwenye nyumba akaingia. Alikuwa amesahau miwani kibandani, kama kawaida yake, na kichwa chake kilikuwa bado ndani ya saa. Akapita moja kwa moja hadi kwenye kochi la mgeni, akainama kidogo.

"Umeniwekea maji ya kuoga?" akamwuliza kwa sauti ya chini. "Na huyo mgeni wako bado hajafika?"

Mgeni akamtazama.

"Ya maji siyajui," akajibu, "lakini mgeni ameshafika."

Binti alifunika uso kwa mikono. Kijana akakitazama kiboksi cha keki kama kinaweza kumwokoa. Mama Steki alijikaza, akang'ata ndani ya shavu, lakini kicheko kilimtoka puani, kile kicheko chake cha buchani kinachosikika hadi ng'ambo ya barabara. Mgeni akafuatia. Akacheka mpaka kope moja ikabanduka, ikadondokea kwenye chai na kuelea humo kama mdudu.

"Kaunta ya pale mlangoni?" Mama Steki akauliza alipopata pumzi.

"Leo asubuhi. Nilipokalia kiti nilikikuta bado kina joto."

"Joto langu hilo. Na wewe alikwambia mnatafuta sura yako ya asili?"

"Aliniambia. Kumbe tunayo moja, wewe na mimi."

Baada ya hapo haikuwa rahisi kurudi kwenye habari za joto. Mgeni aliitoa ile kope kwenye kikombe kwa kijiko, akanywa chai yote kwa mkupuo, akasema wazi kwamba yeye ni askari wa getini. Kazi yake ni kufungua mikoba ya watu wanaoingia kwenye lile jengo na kuchungulia ndani. Usalama anausimamia kweli, maana kiti hawajampa. Kijana akajitetea kwa sauti ndogo kwamba hakusema uongo. Mama Steki naye akasema yeye ni mwenye bucha, na kwamba chakula anachofanyia biashara kina kwato. Ilibainika kwamba vijana hawa, kila mmoja kwa siri, alikuwa amemhofia mama wa mwenzake, na kila mmoja alikuwa amemtuma mama yake kwenye kaunta ileile.

Baba mtu aliomba radhi mara kadhaa, kwa mwanamke sahihi na kwa asiye sahihi, kisha akakimbilia bafuni. Vijana wakaachwa sebuleni na keki yao. Wale mama wawili wakatoka uani, wakaketi kwenye ngazi ya jikoni ambako kulikuwa na upepo. Mama Steki akasimulia habari ya yule mzee wa mahakamani. Mgeni alisikiliza vizuri, kisha akasema kwamba yeye alipotoka dukani alipanda basi, akakaa karibu na dirisha, akangoja. Hakuna aliyemtazama. Alishuka kituo chake akiwa yuleyule. Alisema hivyo kwa kucheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi, na Mama Steki hakukiongezea chake.

Binti akatokea mlangoni na taulo, bakuli la maji na chupa ya mafuta. Alikuwa amejuta kiasi cha kutosha, na alitaka kuwafuta nyuso kwa mikono yake mwenyewe, wote wawili, waliotaabika kwa ajili yake.

"Weka hapo, mwanangu," mgeni akasema. "Tukae nazo kidogo."

Binti akamtazama mama yake. Mama Steki akatikisa kichwa kukubali: naye alikuwa hajawa tayari. Bakuli likawekwa chini, na binti akarudi ndani, asijue kama amesamehewa au amefukuzwa.

Tarehe ya harusi ilipangwa hapohapo kwenye ngazi, na wenye harusi wakaarifiwa baadaye. Halikuchukua muda suala hilo. Walilimaliza wakiwa wamekwisha vua viatu, kwa sababu siku za kazi mgeni husimama tangu asubuhi hadi jioni na Mama Steki vilevile, na kumbe wote wawili walikuwa wakisumbuliwa na visigino. Mgeni alisema yeye hulala ameinua miguu juu ya mto. Mama Steki akasema huo mto ni bure, amewahi kuujaribu; afadhali maji ya moto na chumvi, tena maji yawe ya moto hasa, mpaka mtu atukane. Mgeni akauliza chumvi ya mawe au ya unga, na Mama Steki akageuka, akakunja gauni magotini, akaanza kumweleza.